Sekunde 48 tu, jamani!

Kama mmeamka na wenge la foleni ya jana, poleni, ndiyo Bongo yenyewe hiyo. Wiki hii sitazungumzia mapenzi, wala mitindo, wala nani kaonekana na nani wapi. Najua kuna watakaonuna. Lakini nina dukuduku, na dukuduku lisipotoka linageuka kidonda. Nivumilieni leo tu, wiki ijayo tutarudi kwenye umbea wetu.

Dukuduku langu ni lami.

Ndiyo, lami. Mtaani kwetu, hapa hapa Dar es Salaam, uswahilini kabisa upande wa Kinondoni, tumeletewa lami. Wale mnaokaa kwenye nyumba za geti hamuwezi kujua utamu wake. Barabara yetu ilikuwa na mashimo ambayo kila moja lilikuwa na jina. Kulikuwa na shimo la kwa mama maandazi, shimo la msikitini, na lile kubwa la karibu na saluni ambalo masika yakianza bata walikuwa wanaogelea humo na vifaranga wao. Ukikodi teksi ukamtajia dereva mtaa wetu, anakutazama kama umemtukania mama yake. "Bosi, mimi nitakuacha hapo barabara kubwa, utamalizia mwenyewe." Basi unashuka, viatu mkononi, unachapa lapa.

Siku greda lilipoingia, watoto walilikimbilia kama msafara wa harusi. Kina mama wakapiga vigelegele. Wenye nyumba nao hawakulaza damu, wakapandisha kodi hata lami haijapoa. Likafunguliwa banda la chipsi, likafuata la pili, kikaja na kijiwe kizima cha bodaboda. Na sisi masela tukajiona tumetoka. Demu akikuuliza unakaa wapi, unajibu kwa sauti ya juu.

Tulichosahau ni kwamba yale mashimo ndiyo yalikuwa trafiki wetu.

Fikirini wenyewe. Enzi za mashimo, gari likiingia mtaani kwetu lilikuwa linaomba radhi kila hatua. Mtoto anaweza kuvuka, akarudi kuokota ndala, akavuka tena, na gari bado lipo pale pale linapima kina cha maji. Watoto walikuwa wanacheza rede katikati ya barabara, na dereva ndiye aliyekuwa anasubiri mchezo uishe.

Sasa hivi? Haikupita hata wiki mbili, wenye magari wakagundua kwamba kupitia kwetu unakwepa foleni ya barabara kubwa. Tukawa njia ya mkato. Asubuhi na jioni yanapita magari ya watu ambao hawajui hata mtaa unaitwaje. Daladala zinazotanua zikibanwa huko juu zinachepukia kwetu. Bajaji nazo, bodaboda ndiyo usiseme. Na wote wanapita wamekanyaga moto, maana lami ni mpya, imenyooka, haina tuta hata moja.

Na sisi wa miguu tutembee wapi? Pembeni kuna mtaro, na mtaro wenyewe uko wazi. Pale ambapo mtaro umefunikwa, mtu kaweka genge la nyanya. Mbele kidogo kuna kijana anaosha magari, mbele yake fundi kapanga makochi yake, kisha mtu kaegesha gari akaenda kulala. Na lile banda la chipsi ninalolisifia kila siku, ambalo mimi mwenyewe ni mteja wa kudumu, nalo limekaa juu ya njia ya miguu. Nakula chipsi zangu pale na kachumbari, mama mwenye mtoto mgongoni anazunguka kwa kuingia barabarani ili anipishe. Mpaka juzi juzi sikuwahi kuliona hilo.

Basi bwana, sasa sikilizeni kisa chenyewe.

Ilikuwa Ijumaa jioni, nina mwaliko wa sendofu. Mchango nimetoa, tena nimetoa kwa mbinde, kwa hiyo chakula lazima nikile. Umeme ukakatika nikiwa nusu ya kupiga pasi shati. Ukarudi nimeshachelewa. Nikatoka mbio mpaka kijiweni, nikarukia bodaboda ya dogo mmoja ambaye ananibeba siku zote. Dogo mstaarabu sana, hanywi, hana makuu, na kofia ngumu anayo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, leo fasta. Kanyaga twende."

Akaniambia, "Kaka, hapa mtaani watoto wengi." Haki ya Mungu aliniambia hivyo.

Nikamjibu, "Achana nao, watakimbia wenyewe. Nachelewa bwana."

Akakanyaga. Tulipofika pale saluni, lilipokuwa shimo la bata, kulikuwa na gari limeegeshwa pembeni. Nyuma ya lile gari akachomoza mtoto wa kike, wa darasa la pili hivi, katumwa sukari dukani. Dogo akakata kona, akafunga breki zote, pikipiki ikaserereka. Mimi nilichubuka kiwiko na shati langu likachanika. Yule mtoto aligongwa na tairi la nyuma, mguu ukavunjika chini ya goti. Sukari ilimwagika yote kwenye lami. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile sukari.

Mnajua kilichofuata, maana nyote ni wakazi wa jiji hili. Wananchi wenye hasira kali wakatoka kila pembe. Dogo akapigwa makofi, pikipiki ikasukumwa mtaroni, mwingine akawa anauliza kiberiti kiko wapi. Mzee mjumbe ndiye aliyemwokoa kwa kumkumbatia na kukataa kumwachia. Kelele zote zilikuwa moja: "Hawa bodaboda wauaji! Hawa bodaboda wauaji!"

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi. Na mimi, wapenzi wasomaji, nilinyamaza.

Nilimbeba yule mtoto, tukapanda bajaji na mama yake, tukapitia kituo cha polisi kuchukua PF3, tukaenda hospitali. Alifungwa plasta ya gogo. Jumapili nilikwenda kumtazama. Mama yake akanipa kiti, akatuma soda, akaniambia mbele ya majirani, "Kaka huyu Mungu ambariki. Bila yeye mwanangu sijui ingekuwaje." Ile soda ilikataa kupita kooni. Nikajikaza, nikamwambia ukweli. Nikamwambia ni mimi niliyesema "kanyaga." Alikaa kimya muda mrefu, anamtazama mtoto. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Ulikuwa unawahi nini?"

Sikuwa na jibu. Nimjibu nini, pilau?

Usiku ule sikulala, nikachukua kalamu nikapiga hesabu. Barabara yetu tangu kijiweni mpaka barabara kubwa ni kilomita moja hivi. Ukienda mwendo wa 50 kwa saa, unaimaliza kwa sekunde 72. Ukienda mwendo wa 30, unaimaliza kwa sekunde 120, yaani dakika mbili kamili. Toa 72 kwenye 120. Inabaki 48. Sekunde 48 tu, jamani! Mguu wa mtoto wa watu niliuuza kwa muda ambao hata maandazi hayaivi.

Tukiwa bado kwenye hesabu, hebu tuendelee kidogo, msikimbie. Dereva anayekwenda 50, akimwona mtoto na akatumia sekunde moja tu kushtuka, gari limeshakula mita 14 hivi kabla mguu wake haujagusa breki. Anayekwenda 30, ndani ya sekunde hiyo hiyo amekwenda mita 8. Hapo bado breki yenyewe haijaanza kushika. Na ile nguvu ya kugonga kwenye 50 ni karibu mara tatu ya ile ya kwenye 30. Ndiyo maana mtu mmoja anagongwa, anainuka anajipangusa vumbi na kutukana, mwingine anagongwa na hainuki.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka mwendo usizidi 50 kwenye miji na maeneo ya makazi. Hiyo ni kwa barabara yoyote ya mjini. Kwa mitaa kama yetu, ambako watoto, mikokoteni, bodaboda na mama mwenye ndoo kichwani wote wanagombea lami moja, dunia imeshakwenda mbele. Mwaka 2020 nchi nyingi zilikutana Stockholm, kule Sweden, zikakubaliana kwamba mahali ambapo watu na magari wanachanganyikana, mwendo uwe 30. Na msidhani ni maneno ya wazungu wenye baridi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka, na karibu robo yao ni watembea kwa miguu. Tena ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Yaani sisi, wasomaji wa ukurasa huu. Tunaogopa magonjwa, tunaogopa vibaka, kumbe kinachotuwinda kina honi.

Sasa nani alaumiwe? Rahisi kusema bodaboda. Lakini tangu siku ile nimekaa sana kijiweni na wale vijana, nimejifunza. Pikipiki nyingi si zao, ni za matajiri. Kila siku jioni lazima dogo apeleke hesabu, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo. Kinachozidi hapo ndiyo chake. Daladala nako ni hivyo hivyo tangu daladala ziwe daladala: dereva na konda wanakimbiza hesabu ya tajiri kwanza, ndipo wale wao. Mtu anayelipwa kwa idadi ya safari, utamwambiaje apunguze mwendo? Halafu juu ya hiyo hesabu tunakuja sisi abiria: "Dereva vipi, unabembeleza mayai?" "Konda, hili gari au jeneza?" "Boda, kanyaga twende." Tukifika salama tunamsifu kwamba huyu jamaa anajua. Tusipofika, muuaji ni yeye peke yake.

Na nyie wenye magari madogo msicheke, zamu yenu inakuja. Kuna tabia moja kwenye vivuko vya zebra ambayo naomba leo tuifikishe mwisho. Dereva mwungwana anasimama ili watu wavuke. Wa nyuma yake, badala ya kujiuliza mwenzangu kasimamia nini, anapiga honi, anachomekea pembeni, anampita. Yule anayevuka haoni, maana gari lililosimama limemziba. Hapo ndipo watu wanapokwisha. Ukiona gari limesimama mbele ya zebra, kaka yangu, dada yangu, simama na wewe. Zebra si urembo wa lami.

Na sisi wa miguu tuambiane ukweli. Masela tunavuka barabara na vidude masikioni, muziki umefunguliwa mpaka mwisho, macho kwenye simu tunajibu meseji ya "umefika?" Hutafika! Kuna watu pale Manzese daraja la miguu liko juu ya kichwa chake, yeye anapita chini anakimbizana na magari, eti ngazi zinachosha. Ukivuka, tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, kama tulivyofundishwa shuleni, maana gari la karibu yako linatokea kulia. Na mahali ambapo hakuna njia ya miguu, tembea upande wako wa kulia ili magari yaliyo karibu nawe yaje kwa mbele, uyaone. Ukitembea kushoto yanakujia mgongoni, na mgongo hauna macho. Usiku vaa japo kitu cheupe. Najua nyeusi inapendeza, lakini dereva hana habari kwamba umependeza.

Baada ya ile ajali, vijana wa mtaani walipandwa na munkari. Usiku mmoja wakachanga, wakanunua mifuko miwili ya saruji, wakakusanya mawe, wakajenga tuta lao. Asubuhi tukaamka tukakuta si tuta, ni ukuta! Halina rangi, halina kibao, limechongoka kama paa la nyumba. Usiku wa pili tu bajaji ikapanda pale, ikapinduka na abiria ndani. Mungu saidia, wakatoka na michubuko. Watu waliokuwa wanapiga makofi jana yake wakaja na nyundo kulivunja. Funzo ni kwamba tuta lina vipimo vyake. Lazima lipande taratibu na kushuka taratibu, lipakwe rangi, na kuwe na kibao cha kumwonya dereva kabla hajafika.

Sasa mlango wa kubisha hodi ni upi? Wengi hatujui, tunabaki kulaumu serikali kwa ujumla tukiwa vibarazani. Barabara kuu na zile za mikoa ziko chini ya TANROADS. Hizi za mitaani kama yetu ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Kwa hiyo unaanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mkutano wa wananchi unaitishwa, maombi yanaandikwa na kuwekwa sahihi, yanapita kwa mtendaji na diwani, yanafika TARURA. Sisi tumeshafanya mkutano. Tumeomba matuta matatu, zebra moja mbele ya shule ya msingi, na mifuniko ya mtaro. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari, angalau kalamu hii nayo ifanye kazi ya maana.

Na kabla hamjaniambia kwamba haya ni mambo ya Ulaya, nawapa mfano wa hapa hapa Dar. Kuna shirika linaitwa Amend ambalo lina mpango wake, kwa kifupi SARSAI. Wao wanatafuta shule ambazo watoto wake wanagongwa zaidi, wanakwenda kuangalia njia wanazopita, kisha wanaweka vitu vya kawaida kabisa: matuta, zebra, vibao, njia ya miguu, na vigingi vya kuzuia magari yasipande kwenye njia hiyo. Hakuna mtambo wa ajabu hapo. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute, tena ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Kazi iliyoshinda mbele ya dunia nzima ilikuwa ni kumfikisha mtoto shuleni na kumrudisha nyumbani. Kama imewezekana kwenye mtaa wa jirani, kwetu inashindikana kwa nini?

Lakini matuta yanasubiri bajeti. Ulimi wangu hausubiri bajeti ya mtu, na wako hivyo hivyo. Ombi langu la wiki hii ni dogo mno. Ukipanda bodaboda, bajaji au daladala, usimharakishe dereva mtaani. Akikimbia, mwambie apunguze, wala usione soo. Kama umechelewa, basi umechelewa, ungetoka mapema. Na nyie wenye pikipiki mnaopokea hesabu jioni, siku dogo akileta pungufu kwa sababu ya mvua, msimtishie kumnyang'anya funguo. Mnapomtishia usiku, anakuja kukanyaga asubuhi, na anayekuwa mbele ya tairi ni mtoto wa mwenzenu.

Kuhusu yule binti, plasta imeshatolewa na shule amerudi, ila anachechemea kidogo. Daktari kasema atanyooka. Akiniona ananiamkia, "Shikamoo anko," anapita zake. Nilikwenda pia kwa dogo wa bodaboda, tukamweleza mzee mjumbe pamoja jinsi ilivyokuwa, na gharama za matibabu tukagawana, yeye na mimi. Pikipiki ilitolewa mtaroni, ikatengenezwa, na tajiri wake akaelewa baada ya kubembelezwa sana.

Juzi nikampanda tena. Nikamwambia, "Mdogo wangu, taratibu, sina haraka."

Akageuka akanitazama. "Kaka, leo unakwenda wapi?"

"Kazini. Tena nimechelewa."

Akacheka mpaka pikipiki ikayumba. Tukaenda mdogo mdogo, tukawapungia mkono wale watoto wa rede, mmoja akatuzomea kwamba tunakwenda kama konokono. Kazini nilifika, na mkubwa wangu alinisema. Maneno yake yaliisha kabla sijamaliza chai.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na mkija mtaani kwetu kula chipsi, mtamkuta muuzaji kasogeza meza zake ndani. Nilimwomba mimi. Kaninunia siku mbili, sasa tumepatana.